Maturubai Ishirini ya Ziada

Saa moja na nusu asubuhi ya Ijumaa, Sajenti Nurudini Kagoma aligundua kwamba kwenye kesi yake kulikuwa na maturubai mengi kuliko yaliyowahi kuletwa.

Alikuwa ameandika nyuma ya fomu ya mahabusu: Yaliingia arobaini. Yakagawiwa arobaini. Yamekamatwa ishirini. Alizitazama namba hizo tatu kwa heshima na hofu, kama anavyotazamwa mwalimu wa zamu anayeingia bwenini ameshika viatu mkononi ili asisikike. Kisha akazijumlisha upya, akitumaini kwamba zimejifikiria na kubadili msimamo. Hazikubadilika.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mwezi wa kwanza, upepo na mvua ya mawe viliezua nyumba themanini katika kitongoji cha Kumkuyo, kule Titye. Shirika moja likaleta maturubai arobaini ya bluu, yenye mstari mwekundu pembeni, kila moja likiwa na urefu wa mita tano na upana wa mita nne. Nyumba themanini, maturubai arobaini: kamati ikaamua kila nyumba ipate nusu. Mtunza stoo, Nizigiyimana, akayakabidhi yote kwa mwenyekiti wa kamati, Makarius, fundi cherehani mwenye kibanda Kasulu mjini, aliyejitolea kuyakata na kuyapinda kingo bila malipo. Hata kanisani alipigiwa makofi. Baada ya siku nne vikarudi vipande themanini. Nizigiyimana akavipima kwa futi kamba, kimoja baada ya kingine, akaandika “nusu, sahihi”, na nyumba themanini zikaweka dole gumba.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jumatatu ya wiki hii, mtu wa Kumkuyo alipopita kwenye ua wa mfanyabiashara wa maharage pale Kasulu na kuona maturubai ishirini mazima, ya bluu, yenye mstari mwekundu. Mfanyabiashara alisema aliuziwa na mtu aliyevaa kofia ya pikipiki, ambaye hakuivua hata alipokuwa akihesabu hela. Polisi wakayachukua. Watu wa Kumkuyo hawakuhitaji upelelezi. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa Nizigiyimana, na wazazi wa Nizigiyimana waliingia kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Yeye mwenyewe alizaliwa Titye, na cheti chake cha uraia kilikuwa ukutani ndani ya fremu, lakini fremu haimzibi mtu mdomo.

Jumanne akaletwa kituoni. Jumatano Sajenti Nurudini akatumwa Kibondo, kwa kuwa mtu fulani alisema maturubai hayo ni mabaki ya kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Ya Mtendeli yalikuwa meupe, yamechakaa, wala hayakuwa na mstari. Siku nzima ikawa imekwenda na maji.

Mkuu wa kituo, Mkaguzi Epifania, aliisoma ile karatasi kwa kuishika mbali kidogo, kama mtu anayenusa soksi.

“Hii ni nini?”

“Ni tatizo, afande. Kama yote arobaini yaligawiwa, haya ishirini yametoka wapi?”

“Hayakugawiwa yote. Dole gumba arobaini ni za uongo. Nusu ya hizo nyumba hazikupata kitu. Nenda ukazihesabu, urudi na nyumba hewa, tumalize. Jumatatu mtu huyu anapanda mahakamani.”

Nurudini alipiga saluti. Mlangoni alikutana na Apoline, mke wa Nizigiyimana, akiwa na mtoto mgongoni na kikapu cha ugali wa mumewe. Hakuwa amelala, macho yake yalisema hivyo kabla ya mdomo.

“Afande, walikuja jana. Wamesema jua likizama leo tusionekane Kumkuyo. Mimi na watoto.”

“Nani wamesema?”

“Wote.” Akafikiri. “Wengine walisema kwa kunyamaza.”

“Mwenyekiti wa kitongoji ulimwambia?”

“Ndiye aliyetaja saa.”

Sajenti aliangalia ukutani. Saa mbili kasoro dakika kumi. Akamwambia Apoline aende akakae kwa masista pale parokiani na asizime simu. Kisha akachukua kofia yake na futi kamba ya kituo, ambayo kazi yake ya kawaida ilikuwa kupima ajali za barabarani, na kuwasha pikipiki.

Kumkuyo ilikuwa imelala kwenye mteremko, na kutoka barabarani aliona jambo lililomharibia siku: bluu. Bluu juu ya kila nyumba. Aliingia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alilinganisha majina na daftari, akahesabu vichwa, akahesabu paa. Hadi saa tano alikuwa amepita nyumba sitini na mbili na hakupata nyumba hewa hata moja. Kila mtu alikuwepo, kila mtu alikuwa na kipande chake, na kila mtu alikuwa na hasira.

“Mmepata au hamkupata?” alimuuliza mzee mmoja.

“Tumepata.”

“Sasa mnalalamika nini?”

“Mvua inaingia.”

“Mvua inaingia wapi?”

“Kule ambako hatukupata,” alisema mzee, akamfungia mlango.

Nurudini alisimama njiani akiwa na daftari. Nyumba hewa zilikuwa ndiyo njia pekee aliyopewa, nayo ilikuwa imekufa mikononi mwake. Alipima kipande kilichokuwa juu ya banda la mbuzi: urefu mita mbili na nusu, upana mita mbili. Tano ukigawa kwa mbili ni mbili na nusu. Nne ukigawa kwa mbili ni mbili. Nusu na nusu. Nizigiyimana alipima vizuri. Sajenti alipata sifuri ya hesabu kidato cha nne, sifuri ya duara kabisa isiyo na kasoro, lakini hata yeye aliweza kugawa kwa mbili.

Nyumba ya sitini na tatu ilikuwa ya Bibi Esteri. Kila aliyehojiwa alisema yeye ndiye aliyeanza kumwita Nizigiyimana mwizi, wiki mbili nzima kabla maturubai ishirini hayajaonekana mjini. Sajenti alilizungushia jambo hilo duara kwenye daftari. Mtu anayejua wizi kabla ya wizi kujulikana huwa ama ni shahidi ama ni mwizi.

Alimkuta uani, ameinama, akisambaza maharage kwa kiganja juu ya turubai kuukuu jeupe lililotoboka kama chujio.

“Mwakeye, bibi,” alimsalimia.

“Mwakeye. Ukikanyaga maharage yangu utayalipa, na kofia yako hiyo.”

Nurudini akarudi nyuma hatua mbili. “Bibi, ulimwita Nizigiyimana mwizi tangu mwezi uliopita. Uliona nini?”

“Sikuona. Nilianika.”

“Ulianika nini?”

“Ulikuja na macho au uliyaacha kituoni? Maharage!” Bibi Esteri alinyooka, mkono mmoja kiunoni. “Hili hapa ni turubai zima. Dada yangu alinipa kambi ilipofungwa. Halifai paa, linavuja, lakini kwa kuanika linafaa. Miaka yote linabeba madebe manane. Punje zikilala moja moja, bila kupandana, ni manane. Ukiweka la tisa yanaoza. Umenielewa?”

“Manane.”

“Nilipopewa hiyo nusu yao, kulikuwa na jua. Nikasema kabla sijaipandisha juu, nianike kwanza. Nusu ya manane ni ngapi?”

“Manne, bibi.”

“Nikamwaga debe la kwanza, likalala. Nikamwaga la pili, pakajaa. La tatu likamwagikia kwenye vumbi. Madebe mawili! Nikaenda stoo, nikamwambia Nizigiyimana, umeniibia. Akatoa futi kamba, akapima mbele ya watu. Akasema, mama, tazama, nusu huku, nusu huku, ni sahihi. Watu wakanicheka. Makarius alikuwepo, naye akacheka. Akasema mama huyu anabishana na futi kamba kwa maharage.”

Sajenti Nurudini hakucheka. Alikuwa ameanza kuhisi kitu nyuma ya shingo, mahali ambapo hesabu ilikuwa haijawahi kumgusa isipokuwa kwa fimbo.

“Bibi, nisaidie. Nataka turubai hili likiwa tupu, na nataka paa lako.”

“Paa langu?”

“Kwa dakika kumi.”

“Mvua ikija?”

“Nitakaa ndani nilowe pamoja na wewe.”

Ilichukua muda. Maharage yalizolewa kwa ungo, huku bibi akizitaja dhambi za polisi mmoja mmoja kwa majina. Sajenti alipanda ngazi ya miti, akafungua kamba, akashuka na kile kipande cha bluu. Lile jeupe alilipima kwanza: tano kwa nne, sawasawa na yale mapya. Kisha akaomba kipande cha mkaa, akapiga magoti, na kwa uzito wote wa sheria za Jamhuri akaanza kuchora mistari. Kila mita, mstari. Kwa urefu, kisha kwa upana. Alipomaliza, turubai lilikuwa limejaa miraba, kila mmoja mita moja huku na mita moja kule.

“Hesabu, bibi. Nami nahesabu.”

Walihesabu wote wawili kwa kidole. Miraba ishirini.

Akatandika kile kipande cha bluu kwenye kona. Kilifunika miraba miwili mizima kwa upana, na kwa urefu miwili na nusu ya mwingine. Alihesabu mara tatu, akiunganisha zile nusu mbilimbili.

“Mitano,” alisema Bibi Esteri, ambaye alikuwa ameshamaliza.

“Mitano.” Nusu ya ishirini ni kumi. Sajenti alikihamisha kipande: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ndipo turubai zima likaisha kufunikwa.

“Vinne,” alisema polepole. “Si viwili. Ukikata urefu katikati, hapo tayari unayo nusu. Ukikata na upana, umeikata ile nusu. Nizigiyimana alipima pande, na pande zote zilikuwa nusu. Katikati hakupima.”

“Nilisema madebe mawili,” alisema bibi.

“Ulisema, bibi.”

“Nikachekwa.”

“Ulichekwa.” Alikuwa ameshageuza fomu na anaandika, ulimi umetoka nje kidogo. Vipande themanini, kila kimoja mita za mraba tano: mita za mraba mia nne. Maturubai arobaini, kila moja mita za mraba ishirini: mia nane. Zimebaki mia nne. Mia nne ukigawa kwa ishirini. Alilitazama jibu. Ishirini kamili, bila hata kipande cha kufungia andazi.

Bibi Esteri naye alikuwa ametulia. Alikuwa akitazama mkaa kwenye turubai lake, lakini hakulalamika.

“Kwa hiyo niliibiwa kweli,” alisema.

“Kweli kabisa.”

“Lakini si na yeye.”

“Yeye alitoa arobaini stoo, akaletewa themanini. Kati ya arobaini na themanini kulikuwa na mkasi wa mtu.”

Bibi alikaa chini juu ya kinu kilicholala. “Jana nilikwenda na wale wengine,” alisema. “Kwa Apoline. Sikusema kitu. Nilisimama tu mbele.”

Nurudini alikunja fomu, akaitia mfukoni. Alipandisha paa, akafunga kamba, akaazima kipande kile cha banda la mbuzi kwa hati ya maandishi, na saa saba na robo alikuwa njiani kurudi Kasulu. Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande mbaya.

Kabla ya kwenda kwa Makarius alipita nyumbani, akachukua shuka kitandani. Alijua anachokihitaji. Hesabu za mkaa zingemfikisha mahali fulani, lakini Makarius angesema neno moja, *nilikosea*, na nusu ya mahakama ingemwonea huruma, maana nusu ya mahakama nayo ingekuwa imekosea vilevile.

Kibanda cha Makarius kilikuwa kando ya soko, safi, kikinukia mafuta ya cherehani. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye futi kamba shingoni kama mkufu wa askofu.

“Karibu, afande! Leo suruali au shati?”

“Shuka tu, fundi. Mke wangu anataka ligawanywe, watoto wawili wapate nusu nusu. Nikatie.”

“Kazi ya dakika moja.”

Alilitandaza mezani, akashika ncha mbili, akazipeleka kwenye ncha nyingine mbili. Akapiga mkunjo kwa kiganja. Akachukua mkasi na kupita juu ya mkunjo mara moja, kwa mkato mmoja mrefu ulionyooka. Akampa vipande viwili.

“Mbona hukukunja tena upande wa pili?” aliuliza Sajenti.

“Upande wa pili?”

“Urefu umeukata katikati. Upana je?”

Makarius alicheka cheko la mtu anayemfundisha mtoto. “Afande, nikikunja na huko utapata robo. Utawagawia watoto wanne.”

“Robo,” alisema Sajenti Nurudini. Akatoa daftari, akaandika maneno hayo yote, na tarehe, na saa. Kisha akatoa kwenye mfuko alioubeba kile kipande cha bluu, akakikunjua mezani juu ya shuka. “Na hiki ni nini?”

Cherehani ya jirani ilikuwa ikilia. Ikanyamaza, kana kwamba nayo imeulizwa.

“Hicho… hicho ni cha Kumkuyo.”

“Mbili na nusu kwa mbili. Turubai lilikuwa tano kwa nne. Umekunja mara ngapi, fundi?”

Makarius alivuta futi kamba kutoka shingoni, akaanza kuizungusha kwenye kidole. “Afande, watu wengi hukosea hapo. Mimi sikusoma sana. Na mtunza stoo alipima mwenyewe, akasaini. Muulize! Aliandika sahihi.”

“Nimemuuliza siku tatu. Sasa nakuuliza wewe. Sawa, ulikosea. Ukayachukua maturubai arobaini, ukaanza kukata vinne vinne. Ulipofika turubai la ishirini ulikuwa tayari na vipande themanini. Mtu aliyekosea angeinua kichwa akute ishirini mengine mazima yamekaa mezani kwake, akashangaa, akayarudisha. Yako wapi?”

Makarius alizidi kuizungusha futi kamba.

“Kosa halipandi gari likajipeleka kwa mfanyabiashara wa maharage, fundi.”

“Nilitaka kurudisha,” alisema Makarius.

“Lini?”

Futi kamba ilikuwa imejizungusha hadi kidole kimekuwa cheupe. Sajenti aliangalia nyuma ya mlango, paliponing'inia kofia ya pikipiki. Hakuihitaji tena, lakini utaratibu ni utaratibu. Aliichukua, akaandika hati ya kukamata mali, na kumwomba Makarius asaini. Fundi aliisoma hati hiyo mara mbili kabla ya kusaini na kupelekwa kituoni.

Mkaguzi Epifania alimsikiliza Nurudini akiwa amesimama. Alitaka maelezo yarudiwe, kisha akataka yachorwe. Mwishowe alichukua kalamu, akagawa mwenyewe mia nne kwa ishirini, akaitazama ile ishirini kwa chuki ya mtu aliyelala vizuri wiki nzima kwa kosa.

“Mtoe,” alisema.

Nizigiyimana alitoka mahabusu akiwa ameshika suruali, kwa kuwa mkanda ulikuwa kwenye bahasha ya kaunta. Alikuwa mwembamba, na siku nne zilikuwa zimemwongezea wembamba. Sajenti alimketisha, akamwonesha mchoro. Hakufurahi. Aliupitia mraba baada ya mraba, midomo ikitikisika.

“Kwa hiyo nilipima vibaya.”

“Ulipima vizuri. Ulipima urefu na upana. Hukupima eneo.”

“Bibi Esteri aliniambia. Alikuja stoo akalia. Nikamtolea futi kamba.” Aliweka karatasi chini. “Nyumba themanini, afande. Mwezi mzima wa mvua. Mimi ndiye niliyeandika sahihi.”

“Makarius ndiye aliyeiba.”

“Ndiyo,” alisema Nizigiyimana, lakini kwa sauti ya mtu anayekubali jambo dogo kwa heshima.

Sajenti alimpigia Apoline. Iliita mara moja tu.

“Shemeji, njoo umchukue mumeo. Yuko huru. Tumempata aliyeiba.”

Upande wa pili kulikuwa na pumzi ndefu, kisha mtoto akilia, kisha sauti ya Apoline, ndogo na kavu.

“Mana yanje, Mungu wangu. Nimchukue nimpeleke wapi, afande?”

Nurudini alitazama nje. Saa kumi na dakika ishirini. Jua lilikuwa bado juu ya mikaratusi ya uwanja wa kituo, lakini si juu sana. Kumkuyo wangekuwa wanakusanyika sasa hivi. Karatasi ya kuachiwa ilikuwa mkononi mwake, yenye mhuri, na huko mlimani isingemkinga mtu hata na umande.

“Kaa hapo hapo parokiani,” alisema. “Tunapita kukuchukua.”

Alimgeukia Mkaguzi Epifania na kuomba gari la doria.

“La nini?”

“Kupeleka maturubai kwa wenyewe, afande. Tumeshayapiga picha na kuyaandika. Na Makarius akaoneshe alikoyachukulia.”

“Mtuhumiwa anaweza kuonesha kesho.”

“Kesho wataona Apoline ameondoka, na watasema walikuwa sahihi.”

Mkaguzi alifungua droo na kumrushia ufunguo. Maturubai ishirini yalipakiwa nyuma. Nizigiyimana, kwa mazoea, alishika bodi ya gari apande huko huko na mizigo. Sajenti alimshika bega, akamfungulia mlango wa mbele.

“Wewe na mkeo mtakaa hapa, karibu na dirisha. Makarius ndiye atakaa nyuma, juu ya maturubai,” alisema, akivaa kofia. “Na tukifika Kumkuyo, nitaendesha polepole.”